Mlevi wa Mwanangu

Machi 9
Mvua imeanza leo. Mume wangu hakukimbilia nguo zangu zilizokuwa kambani, wala mapazia ya mteja niliyokuwa nimeyaanika. Alikimbilia bandani kulifunika gari la mwanetu. Turubai lilipopungua akaingia chumbani, akatoka na blanketi la kitanda chetu. Nilisimama mlangoni na shuka mbichi mikononi, nataka kumpigia kelele. Lakini sikuwa nimemwona akifanya jambo kwa haraka tangu tulipomzika mwanetu, mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo nikameza maneno yangu.

Nimeanza kuandika kwa sababu nyumba imekuwa kimya mno na mimi si mtu wa kimya. Mwanetu alikuwa huyo mmoja. Ugonjwa wa damu ulimla polepole, na tulimwangalia akiisha. Baba yake, ambaye watu wote wanamwita Fundi, alirudi karakanani kama vile hakuna lililotokea. Anafungua malori, anafunga malori, anarudi, anakula vijiko vitatu, analala. Ukimsemesha anajibu "Eeh." Nikimwambia nyumba inaungua, nadhani atasema "Eeh."

Machi 10
Blanketi halijakauka. Tumelala na shuka.

Machi 14
Leo jua limetoka kidogo, nimeingia bandani kufagia.

Gari lenyewe lina umri mkubwa kuliko mwanangu. Alivyotusimulia, mmiliki wa kwanza alikuwa mpiga picha wa studio. Alilinunua jipya, na wateja wakawa wanapiga picha wameliegemea, hata wale wasiojua usukani unashikwaje. Akamwuzia mkunga. Mkunga alikuwa akienda nalo kuzalisha, na mtaa ukajua mtoto anakuja kwa kusikia mlio tu, maana halingurumi kama magari mengine, linavuma kama nyuki waliochokozwa. Mkunga alipozeeka likatupwa uani kwa seremala, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma. Huko ndiko mwanangu alikolikuta, akiwa bado kapera. Alilileta likivutwa kwa kamba, manyoya ya kuku yanatoka madirishani, yeye anacheka utadhani ameleta bibi harusi.

Mambo yote yako kwenye injini. Haina pistoni. Mwanangu alinieleza mara nyingi nikiwa kwenye cherehani, nami nilimsikiliza, kwa sababu kazi ilikuwa ya mikono, masikio yalikuwa bure. Ndani kuna chuma cha pembe tatu, mashavu yake yametuna, kinazunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga. Vyuma hivyo viko viwili, kila kimoja na chumba chake. Kwenye kila ncha ya pembe kuna ukanda mwembamba, wanauita sili, unaopangusa ukuta wa chumba bila kuacha upenyo. Sili zikikwanguka, injini imekufa. Ili zisikwanguke kuna pampu ndogo inayozidondoshea oili muda wote, na oili hiyo inaungua pamoja na petroli. Kwa hiyo gari linakunywa oili na kutoa moshi, na huo si ugonjwa. Ndivyo lilivyoumbwa.

Mume wangu hakulikubali hilo hata siku moja. Yeye ni mtu wa pistoni tangu ujanani, na kwa mtu wa pistoni injini inayokula oili ni mgonjwa, tena wa kulazwa. Ndiye aliyelibatiza gari jina la Mlevi. "Mlevi wako kaamkaje leo?" alikuwa akimwuliza mwanawe. Mtoto akacheka, akalichukua jina. Lakini mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ubishi wa mwisho walibishana mpaka wakaacha kusemezana, kisha ugonjwa ukaja, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana tena.

Sasa Mlevi yupo bandani na injini yake imelala vipande vipande mezani. Kila kipande kimefungwa kwa kitambaa. Vitambaa hivyo ni mabaki ya mapazia yangu. Alikuwa akija kuviokota chini ya cherehani, anachagua na rangi.

Machi 16
Mvua kutwa. Nimeshona, nimefumua, nimeshona.

Machi 20
Mkwe wangu, mjane wa mwanangu, alikuja kula nasi. Anafundisha udereva, na amepanga vyumba viwili mtaa wa nyuma. Mlevi ni wake. Mwanangu alimwandikia akiwa bado ana nguvu ya kushika kalamu, na hata kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha kuliko mwenyewe.

Alingoja mume wangu amalize vijiko vyake vitatu.

"Baba," akasema, "Makumbusho amenipigia simu tena."

Makumbusho ni bwana mmoja anayekusanya magari ya zamani. Jina hilo tulimpa sisi, nadhani mwenyewe halijui.

"Eeh," akasema mume wangu.

"Anataka barabara zikikauka aje amchukue Mlevi akamchinje. Anataka viungo tu, aweke kwenye la kwake."

"Eeh."

"Mimi sitaki achinjwe, Baba. Nataka awake. Nataka nimwendeshe barabarani watu wamwone." Akanywa maji. "Mimi najua alivyokuwa akisema. Wewe unajua kufunga injini. Tukijiunga, tunapata fundi mmoja mzima."

Nikajua itakuja ile "Eeh" nyingine. Haikuja. Mume wangu alisukuma sahani.

"Sili zipo?"

"Zipo, sita zote. Alihangaika miaka kuzipata, na yule aliyempa ameshafunga karakana yake. Zikiharibika hizi, Baba, hakuna nyingine. Basi tena, Makumbusho aje tu."

"Nitataka taa ya kuning'iniza," akasema mume wangu. "Ile ya bandani haina maana."

Mkwe wangu alinitazama. Nami nilikimbilia jikoni ili nisilie mbele yao.

Machi 21
Amekula sahani nzima. Akaongeza.

Machi 27
Wanafanya kazi kila jioni kabla giza halijaingia, na siku za mapumziko wanashinda humo. Mimi ndiye mtunza vitambaa. Mume wangu anauliza, "Hiki cha maua mekundu?" nami nasema, "Alisema ni vyuma vya chumba cha mbele cha injini." Kumbe nilikuwa nimeweka mengi kichwani bila kujua. Kila kitambaa kikifunguliwa kuna chuma kilichosafishwa kinang'aa, na mume wangu anakigeuza geuza mbele ya taa, anatafuta kosa, halipati. Leo alikaa muda mrefu na kimoja mkononi.

"Alikuwa na mkono msafi," akasema.

Hakuwahi kumwambia hivyo mwenyewe. Nilikasirika. Nimeolewa na mtu anayetoa sifa mlango ukishafungwa. Halafu nikamwona anakifuta chuma kile kwa shati lake, kilikuwa safi tayari, na hasira ikaniishia.

Aprili 1
Paa la banda linavuja upande wa nyuma. Ameziba kwa lami. Mimi nazibiwa lini?

Aprili 4
Leo wamefika kwenye ile pampu ndogo ya oili. Nilikuwa nimewapelekea chai, nikakaa juu ya tairi.

"Baba, kabomba haka usikasahau," mkwe wangu alisema. Alikuwa ameshika bomba jembamba kama unyasi. "Ndiko kanakopeleka oili kwenye sili. Kakiziba, siku chache tu kazi yote imekwisha."

"Nimefunga injini kabla hujazaliwa, mama."

"Za pistoni."

Mume wangu aliweka spana chini. Nikaona shingo yake inavimba kama zamani, nikaomba moyoni asiharibu.

"Injini ni injini," akasema. "Oili inakaa chini, petroli inaungua juu. Vikichanganyika, kuna kitu kimeharibika. Hiyo hata mtoto wa shule anajua."

"Baba, mwenyewe alisema..."

"Nimesikia."

Akalifunga lile bomba, tena vizuri, kwa mikono yake. Lakini mimi naijua "nimesikia" ya mume wangu. Ni mlango uliofungwa kwa adabu.

Aprili 8
Mvua. Mteja amekataa mapazia, anasema kijani hiki si kijani alichosema. Nimemwambia kijani hakina kaka.

Aprili 11
Amewaka!

Ilikuwa mchana kweupe, mvua imetulia. Mkwe wangu alikaa kwenye usukani, mume wangu ameinama juu ya injini, mimi nimesimama nimeshika chupa ya petroli kama mganga msaidizi. Stata ikazunguka, ikazunguka, kimya. Ikazunguka tena. Kisha likatoka bomu moja nyuma, na moshi. Moshi gani ule! Ulijaza banda, ukajaza uwanja, ukaruka ukuta. Halafu ndani ya moshi nikasikia mlio, wale nyuki wa mwanangu.

Jirani alichungulia. "Mnachoma matairi?"

"Tunachoma majirani," nikamjibu.

Mkwe wangu alikuwa analia na kucheka pamoja, hajui ashike lipi. Mume wangu aliweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyu." Machozi yakamshuka mbele ya watu, na hakuyafuta. Nimekaa naye miaka mingi na sijawahi kumpenda kama nilivyompenda leo.

Wakaenda kuzunguka mtaa mara mbili. Wakarudi, mkwe wangu hakuzima. "Huyu hazimwi kabla hajapata moto vizuri," akasema, "anasusa." Akangoja sindano ya joto ipande, ndipo akazima. Sheria za mwanangu zote anazo kichwani, kama sala.

Aprili 13
Mlevi anaendelea kulala bandani kwetu, maana mkwe wangu hana pa kumweka. Kila asubuhi anapita kuchukua ufunguo, namfungulia mlango, anakunywa chai amesimama, anaenda kazini. Kila akijaza petroli anaongeza na oili. Wanafunzi wake wanamwomba wafundishwe kwenye Mlevi, anawaambia wasubiri waote ndevu.

Aprili 15
Mume wangu amerudi na ile sura ya zamani. Nilimpa chakula, akakaa anakitazama.

Nilimbana mpaka akasema. Mkwe wetu alipita karakanani kumletea mwavuli. Alipoondoka, moshi ukabaki umetanda mlangoni, na mafundi wenzake wakaanza. Mmoja akakohoa kwa makusudi. Mwingine akasema, "Fundi, gari la marehemu linavuta sigara." Wa tatu akasema kijana hakuimaliza kazi, maskini, alikuwa mgonjwa, ndiyo maana injini imefungwa vibaya.

"Wanamcheka," mume wangu aliniambia. "Amelala kaburini, wanamcheka."

"Wewe ungewaambia ndivyo injini ile ilivyo."

"Nani ataniamini? Mimi mwenyewe..." Hakumalizia. Akanawa mikono bila kula.

Aprili 16, Jumatano
Leo amerudi mapema, akaingia bandani peke yake. Alipotoka alikuwa anapiga mluzi. Mume wangu! Sijasikia mluzi ule tangu mwaka jana.

"Umefanya nini?" nikamwuliza.

"Nimemponya."

"Umemponya nani?"

"Mlevi. Nimeziba kile kibomba kwa bolti ndogo. Kesho utaona, hata uzi wa moshi hutauona."

Nikamwambia mwanao alikataza. Nikamwambia mkwe wako alikataza, nami nilikuwepo, nimekaa juu ya tairi. Nikamweleza yale yote ya sili na ukuta na kukwanguka. Alinisikiliza huku anatabasamu, kama mtu anayesikiliza redio.

"Mwanangu alikuwa na akili," akasema. "Lakini alikuwa mgonjwa, hakupata muda wa kuliona hili. Mimi namalizia kazi yake. Hakuna mtu atakayemcheka tena."

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia.

Akanishika mkono. "Mama watoto, niamini mara hii moja." Ameniita hivyo. Tulikuwa na mtoto mmoja naye hayupo, lakini ameniita hivyo, na mkono wake ulikuwa na joto.

Aprili 17
Mkwe wangu alipita asubuhi. Nilimfungulia mlango nikiwa nimeyapanga maneno. Mume wangu alitangulia.

"Leo angalia moshi," akamwambia.

Akawasha. Hakukuwa na moshi. Mkwe wangu alishuka, akazunguka nyuma, akainama.

"Baba! Mlevi kaacha pombe?"

"Kabureta tu. Nimeirekebisha."

"Una mkono wa dawa, Baba." Akamkumbatia, pale pale uwanjani. Kisha akafungua buti la nyuma kutafuta kopo la oili, na mume wangu akamwambia asijisumbue, yeye ameshaongeza.

Huo ni uongo wa kwanza kumsikia akiusema kwa mtu wa nyumba hii. Na mimi nilikuwa nimeshika birika. Nikamimina chai.

Aprili 19
Mume wangu amekula, ameoga, amenikatia kucha za mguu maana mgongo unaniuma. Anaongea. Amenisimulia habari za lori moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimekaa namsikiliza, moyoni najiambia: akijua nimemsema kwa mkwe, ataingia tena kwenye ile "Eeh," na safari hii hatatoka.

Nimemwambia aondoe bolti yeye mwenyewe. Nimempa muda mpaka Jumapili ya wiki ijayo. Asipoiondoa, nasema.

"Sawa, Jumapili," alijibu. Anajibu kama mtu unayemwambia akupelekee kiatu kwa fundi viatu.

Aprili 22
Mvua kubwa. Mtaro umefurika. Mkwe wangu alikuja ameloa, akanywa chai, akachukua ufunguo. Sikusema.

Aprili 23
Sikusema.

Aprili 25
Leo wale mafundi walimsifu. Mmoja aliomba afungue boneti aone. Mume wangu amerudi amenyooka kama kijana. "Wamesema kijana alikuwa fundi kuliko baba yake," ameniambia, na nimeona hilo limemfurahisha kuliko sifa zote alizopata maishani mwake. Nilimwuliza ataiondoa lini ile bolti. Akasema Jumapili haijafika.

Mlio wa Mlevi umebadilika. Labda ni masikio yangu. Wale nyuki wana kitu kama kukwaruza chini kwa chini.

Aprili 27, Jumapili
Nimeandika nikafuta. Ngoja niandike moja kwa moja.

Asubuhi niliamka nimepiga moyo konde. Nilimkuta mume wangu bandani na spana mkononi. Alikuwa amekuja kuiondoa. Naapa alikuwa amekuja kuiondoa, hilo lazima nimwandikie. Lakini banda lilikuwa tupu. Mkwe wangu jana hakulirudisha gari, alikuwa amelala nalo kwa rafiki yake, na alfajiri akampeleka rafiki huyo kwenye msiba, safari ndefu, mlima mtupu. Tukampigia simu. Mlimani hakuna mtandao.

Mume wangu alikaa juu ya ndoo. "Pengine atakwenda polepole," akasema.

Alikuja saa kumi. Hakuja na Mlevi, alikuja na lori lililomvuta Mlevi kwa mnyororo. Alishuka. Alisema injini ilipoteza nguvu kwenye kilima cha pili, ikaanza kutikisika, ikazima, na tangu hapo inazunguka bila kubana kitu, kama mashine ya kusaga isiyo na mahindi.

Hakumtuhumu mtu. Aliomba spana. Mume wangu alimpa ile aliyokuwa nayo mkononi tangu asubuhi. Akaanza kufungua mwenyewe, nasi tukiwa tumesimama kama watoto walioitwa kwa mwalimu mkuu. Alipofika kwenye kile kibomba, vidole vilisimama.

"Baba, hii bolti ni ya nini?"

Mume wangu alifungua mdomo. "Walikuwa wanamcheka," akasema. "Kwa ajili ya moshi. Walisema hakujua kazi."

Mkwe wangu hakuinua kichwa. Akaendelea kufungua, na ilimchukua muda, na hakuna aliyeondoka. Akatoa zile sili. Kingo zilikuwa zimelika kama meno ya mzee. Akapitisha kidole kwenye ukuta wa chumba, akatuonyesha mikwaruzo. Ilikuwa mirefu, mtu angeweza kuihisi hata akiwa amefumba macho.

"Mngeniambia," akasema taratibu. "Mngeniambia tu kwamba hamtaki pampu. Kuna wanaoifunga. Unachanganya kikombe cha oili kwenye tangi la petroli, basi, sili zinapata haja yake. Mwenyewe aliwahi kufanya hivyo pampu ilipoharibika. Kikombe kimoja, Baba."

Mume wangu alishika meza.

Halafu mkwe wangu akanigeukia mimi.

"Mama, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya. Mume wangu asingenisaliti, niliyaona macho yake yananiambia nikatae.

"Nilijua," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ile Jumatano."

Alifikiri. Nilimwona anahesabu asubuhi zile zote, mimi na birika langu.

"Ulikuwa unanifungulia mlango," akasema. "Unaniuliza sukari inatosha."

Nikamwambia kwamba mume wangu alikuwa ameanza kula, ameanza kuongea, niliogopa kumpoteza na yeye. Ni kweli tupu, na nilipoisema ilisikika kama kisingizio cha mwizi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Wanasahau kwamba mwana huyo anaweza kuwa na mke.

Mkwe wangu akanawa mikono kwa petroli, akaondoka kwa miguu, mvua inamnyea.

Aprili 28
Mume wangu hajaenda kazini.

Mei 1
Juzi nilimpelekea mkwe wangu chakula. Alikipokea mlangoni, akashukuru, akarudisha bakuli kesho yake kwa mkono wa jirani, limeoshwa.

Mei 6
Mvua. Mume wangu amehangaika mji mzima kutafuta sili. Ameuliza hata maduka ya pikipiki. Alichukua chuma akataka kuzichonga mwenyewe kwa tupa. Amechonga mbili, zikavunjika mkononi. Nilimwambia aache, akaendelea. Naona sasa kwamba hakuwa mkaidi kwa kiburi, kama nilivyomdhania miaka yote. Anaogopa. Alikuwa anaogopa kuwa mtoto wake anajua kitu asichokijua yeye, kwa sababu hapo angekuwa hana tena la kumpa. Nimelielewa hilo sasa, na halina faida kwa mtu.

Mei 12
Hakuna mvua, hakuna jua. Nimeshona pazia upande wa nyuma mbele.

Mei 19
Makumbusho amekuja na vijana wa kubeba. Ni mtu mpole, ana miwani, alitupa pole kwa msiba kana kwamba umetokea jana. Aliangalia injini, akapitisha kidole pale pale alipopitisha mkwe wangu, akatikisa kichwa. Hakuitaka. Akachukua taa, viti, milango, usukani, kioo cha mbele. Walimfungua Mlevi uwanjani kwetu, chini ya manyunyu. Kiti cha nyuma kilipotolewa, yalianguka manyoya mawili ya kuku. Lililobaki lilipakiwa kwenye lori la vyuma chakavu pamoja na injini.

Mkwe wangu alisimama mpaka mwisho. Ametuambia amepata kazi ya kufundisha mji mwingine, anahama mwisho wa mwezi. Hana sababu ya kubaki, na sisi tulijua sababu ilikuwa nini.

Kisha akatuaga. Alimpa mume wangu mkono.

"Haya, Fundi," akasema. "Kwaheri."

Tangu aolewe hajawahi kumwita ila Baba. Fundi wanamwita wateja. Mume wangu aliupokea mkono ule na akaitikia, maana ndilo jina lake.

Mimi ameniita Mama. Lakini hata muuza nyanya huniita hivyo.

Mei 20
Banda tupu. Nimefagia.

Mei 24
Nilidhani atarudi kwenye "Eeh" yake. Hakurudi. Leo baada ya chakula alivuta kigoda, akakaa karibu na cherehani.

"Alisemaje?" akaniuliza.

"Nani?"

"Mwanangu. Kuhusu ile injini. Wewe alikuwa akikueleza. Alisemaje?"

Nikamweleza. Nilianzia kwenye ganda la karanga, nikaenda kwenye pembe tatu na mashavu yake, kwenye sili na jinsi zinavyopangusa ukuta. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye pampu nilisita, akasema, "Endelea." Nikaendelea, na alisikiliza lote ameinamisha kichwa, bila kubisha hata neno.

Mei 26
Leo ametaka habari za mpiga picha na mkunga. Naye alikuwepo wakati mwanetu akizisimulia, mezani pale pale. Anasema hazikumbuki.

Mei 31
Mvua zimekatika. Uwanja umekauka, mahali alipochinjwa Mlevi pana doa jeusi la oili.

Kila jioni nimemsimulia. Injini ilipokwisha tulihamia kwenye mengine: alichokuwa akipenda kula, alivyomtongoza mkewe kwenye somo la kurudi nyuma, alichoniambia hospitalini siku ambazo baba yake alikuwa anangoja nje kwa sababu hakuweza kuingia. Anataka kila neno. Nikiruka kitu anajua, ananirudisha.

Leo nimefika mwisho. Nimemwambia, "Ni hayo tu, sina mengine ninayoyakumbuka." Nimeendelea kushona, nikidhani atanyanyuka. Bado amekaa kwenye kigoda, ananitazama mdomo, anangoja.